Sakafu ya muhuhu: tafuta maji kwanza, mashine baadaye

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Marehemu baba ametuachia nyumba iliyojengwa Nairobi mwaka 1954. Tulipobandua zulia la sebuleni tulikuta parke ya vibao vidogo vilivyopangwa mshazari kama miba ya samaki, vyeusi kwa nta ya miaka mingi. Karibu na dirisha vibao kama thelathini vimeachia, na chini yake kuna kitu cheusi mfano wa lami. Fundi anataka kupiga msasa sakafu nzima kwa mashine, apake vanishi, na kazi iishe kwa siku mbili. Nimkubalie?
— Msomaji, Nairobi

JIBU: Pole kwa msiba, ndugu yetu. Fundi wako usimkubalie bado, kwa sababu hajauliza kwa nini vibao vimeachia dirishani wala si katikati ya chumba. Mbao ikinywa maji huvimba, ikikosa nafasi hujiinua, na gundi ya zamani haiwezi kuizuia. Kagua mfereji wa paa, fremu ya dirisha, na udongo wa bustani kama haukulundikana ukutani. Kisha bandika karatasi ya nailoni juu ya zege palipo wazi, uizibe kingo zote kwa utepe, uiache siku mbili. Ukikuta matone chini yake, zege bado lina maji, na kibao chochote utakachobandika hapo kitaachia tena.

Sasa chukua kibao kimoja kilicholegea, ukwangue pembe yake kwa kisu. Mbao ya kahawia yenye manjano, nzito, inayonukia utamu unaokaribia msandali, ina kila dalili ya kuwa muhuhu, mti uleule wanaouchonga Wakamba. Miti hiyo imepungua sana, na kibao cha kufidia ni vigumu kukipata, kwa hiyo usitupe hata kilichovunjika. Vipe vyote namba kwa chaki mgongoni kabla ya kuvitoa. Kipime pia unene. Chenye milimita 20 kinaweza kustahimili mashine mara chache katika maisha yake, lakini kama kina ulimi na mfereji ubavuni, vya kuchomekana na kibao jirani, mbao unayoweza kuikwangua ni ile iliyo juu ya ulimi tu. Parke nyembamba ya milimita 8 hupigwa msasa kwa hadhari kubwa, au isipigwe kabisa.

Hicho cheusi huenda ni lami ya kubandikia, na baadhi ya gundi nyeusi za miaka hiyo zilichanganywa na asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Usiikwangue ikiwa kavu, wala mashine isiiguse, mpaka kipande kidogo kipimwe maabara. Ikigundulika asbesto, mwachie kazi mwenye ujuzi nayo. Ikiwa ni lami tupu, tia kibao ndani ya mfuko, ukilaze kwenye friza usiku kucha, na asubuhi lami itakuwa imekauka kama kigae na kubanduka kwa patasi. Gundi mpya iwe ya aina inayoshikana na mabaki ya lami, maana gundi nyeupe ya seremala haitashika.

Nta nayo haitolewi kwa msasa, kwani huuziba, na vanishi ikipakwa juu ya nta hubanduka. Itoe kwa tapentaini na sufi ya chuma, kipande kwa kipande, madirisha yakiwa wazi na pasiwe na moto karibu. Nimeona sakafu ambazo baada ya hatua hii hazikuhitaji mashine hata kidogo. Mimi ningerudishia nta badala ya vanishi: mkwaruzo kwenye nta huzibwa palepale kwa kitambaa, lakini vanishi ikichakaa mlangoni utalazimika kukwangua chumba kizima.

SWALI: Nyumba yetu hapa London ni ya enzi za Malkia Victoria, na sakafu ni ya mbao za msonobari. Baridi inapenya katika nyufa. Je, niyazibe matundu ya hewa yaliyo chini ya kuta za nje?
— Msomaji, London

JIBU: Hapana, dada. Mbao hizo zimelazwa juu ya boriti zenye uwazi chini yake, na hewa ya matundu hayo ndiyo inayozuia boriti zisioze. Ziba nyufa zenyewe kwa vipande vyembamba vya msonobari mkuukuu, ukivitia gundi upande mmoja tu, kwa sababu mbao husinyaa nyumba inapopashwa joto wakati wa baridi na kuvimba kiangazi. Ukijaza unga wa mbao na gundi, utapasuka na kumomonyoka. Ukiona ukanda mweusi pembezoni mwa chumba, usishangae: zamani zulia lilifunika katikati, na kingo pekee ndizo zilizopakwa rangi. Rangi hiyo yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, basi iondoe kwa dawa ya kulainisha, si kwa msasa mkavu, na watoto wasiwepo chumbani mpaka umalize kufuta kwa kitambaa kibichi.