Maswali ya Wasomaji: Kipanya cha Kioo na Kipanya cha Duara

SWALI: Tumerithi dijitaiza ya zamani: ubao wa ukubwa wa A0 na kipanya chake cha vitufe 16 chenye kioo na alama ya msalaba. Nanakili ramani za karatasi za 1:50,000 kuziingiza kwenye kompyuta. Upande wa kushoto wa ramani unakaa sawasawa, lakini kulia barabara zinahama karibu mita 40. Je, kipanya kimekufa?
*Mpima ardhi, Morogoro*

JIBU: Kipime kwanza. Bandika ubaoni karatasi yenye nukta moja, weka msalaba juu yake, andika koodineti, kisha zungusha kipanya nusu duara huku msalaba ukibaki kwenye nukta ileile. Namba zisipobadilika, kipanya ni kizima. Zikibadilika, koili (mzingo wa waya) iliyozunguka kioo haiko katikati ya msalaba, na tofauti unayoiona ni mara mbili ya kosa lenyewe. Hapo dawa ni kukishika kwa mwelekeo uleule, tangu kusajili ramani (kuionyesha programu nukta ambazo koodineti zake zinajulikana) hadi mstari wa mwisho.

Lakini kwa dalili ulizotaja, sisi tunaishuku karatasi. Mita 40 kwa skeli hiyo ni milimita 0.8 tu, na karatasi iliyovuta unyevu hutanuka kiasi hicho bila shida. Tena haitanuki sawa pande zote: hutanuka zaidi kukata nyuzi zake kuliko kuzifuata. Ukisajili kwa nukta mbili, programu hukuza au kupunguza pande zote kwa kiwango kimoja, na kosa lote linasukumwa kule usikoweka nukta.

Kwa hiyo sajili upya. Ilaze ramani bila kuivuta, ibandike pembe nne kwa selotepu ya karatasi, kisha chagua makutano ya mistari ya gridi karibu na kila pembe (sentimita 2 ni kilomita 1) na mengine mawili katikati. Chagua ugeuzaji wa afini, ambao hurekebisha urefu na upana kila mmoja kwa kiwango chake. Nukta tatu zinautosha, ila kwa tatu kosa husomeka sifuri hata ukiwa umekosea, ndiyo maana tunataka sita. Kosa la RMS (aina ya wastani wa makosa ya nukta zote) likizidi milimita 0.1, yaani mita 5 ardhini, tafuta nukta yenye kosa kubwa uibofye tena. Usiifute ili namba ipendeze!

Ramani ikibanduliwa, au ikilala ubaoni hadi kesho, isajili upya. Na datumu (msingi wa kupimia koodineti) ya ramani hizo ni Arc 1960, na gridi yake ni UTM kanda ya 37 Kusini. Ukiweka WGS 84, datumu ya GPS, kila kitu kitahama takribani mita 300, na RMS haitakwambia lolote.

Kama kishale kinatetemeka hata kipanya kikiwa kimetulia, ondoa chaja na skrini ya kioo kinene karibu na ubao, maana waya zilizo ndani ya ubao hupokea usumbufu wa umeme.

SWALI: Nina kipanya cha duara kilichokuja na iMac ya kwanza. Nikikisukuma mbele, kishale kinakwenda mshazari. Nimesafisha mpira, wapi!
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Hakina ugonjwa. Apple walikitoa mwaka 1998 na kukibadilisha mwaka 2000, na lawama kubwa ilikuwa hiyohiyo: duara halina kichwa wala mkia, kwa hiyo kiganja hakijui kama kimegeuka. Kikigeuka nyuzi 30, kishale nacho kinapotoka nyuzi 30. Kile cha mpima wetu hapo juu, kikiwa kizima, hakijali kugeuzwa, kwa sababu ubao husoma msalaba *uko wapi*. Chako husoma tu mpira *umeviringika kiasi gani*.

Bandika kipande kidogo cha selotepu kwenye kitufe, upande wa waya, ili kidole kikipapase. Matoleo ya baadaye yalikuwa na kibonyeo hapo kwa kazi hiyo. Waya uelekee mbele na usikazwe, kwani ni mfupi na ukivutwa ndio unaokigeuza. Kitufe ni kimoja tu. Menyu ya kitufe cha kulia utaipata kwa kubofya huku umeshikilia Control.