Maswali ya Wasomaji: Kitabu Kipya Kinaingiaje Kwenye Katalogi?

Mara hii tumechagua barua za walimu na wasaidizi wa maktaba waliokabidhiwa vitabu vipya na kutakiwa waviingize kwenye katalogi, yaani orodha ya kutafutia vitabu vya maktaba. Wakutubi wetu wanajibu.

Shule yetu imepokea maboksi ya riwaya na vitabu vya ziada. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, maktaba nimekabidhiwa tu. Hatuna programu ya maktaba, tuna kompyuta moja yenye Excel. Nianzie wapi, na kila kitabu nikiandikie nini?
*Mwalimu wa sekondari, Songea*

Mwalimu, kabla ya kuwasha kompyuta fungua rejesta ya vitabu. Kila nakala ipewe namba yake: tarehe ya kuingia, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, bei, na kama imenunuliwa au ni msaada. Namba hiyo ikishatumika haipewi kitabu kingine, hata cha kwanza kikipotea. Rejesta ni ya mkaguzi anayetaka kujua mali iko wapi. Katalogi ni ya mwanafunzi anayetafuta kitabu. Ukivichanganya, vyote viwili vitakusumbua.

Rekodi ya msingi, yaani maelezo ya kitabu kimoja kwenye katalogi, haihitaji mengi: jina kamili la kitabu pamoja na jina dogo linalofuata, mwandishi, toleo, mahali pa uchapishaji, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa na kimo, ISBN (namba ya kimataifa ya kitabu), mada moja hadi tatu, na namba ya rafu. Jina na mwandishi vichukue kwenye ukurasa wa jina ulio ndani, usivichukue kwenye jalada. Jalada hutengenezwa kuvutia mnunuzi, kwa hiyo jina hufupishwa na wakati mwingine jina la mfululizo huandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kitabu chenyewe. Toleo, mwaka na ISBN kwa kawaida viko nyuma ya ukurasa huo. Usiandike jina lote kwa herufi kubwa. Neno la kwanza na majina maalumu yanatosha.

Ukurasa huo wa nyuma ndio unaowapoteza wengi. Utakuta “Toleo la kwanza 1998. Chapa ya pili 2001. Chapa ya tatu 2006. Kimepigwa chapa India.” Maandishi yakibadilishwa, hilo ni toleo jipya na linastahili rekodi yake. Kikichapwa tena bila kubadilika, ni chapa tu: nakala ya 2006 inaingia kwenye rekodi ileile ya 1998. Tatizo ni kwamba baadhi ya wachapishaji huita chapa “toleo”. Linganisha idadi ya kurasa na utangulizi. Vikifanana kabisa, usifungue rekodi mpya. Na India hapo ni mahali pa mpigachapa. Unachotakiwa kuandika ni mji wa mchapishaji, pengine Dar es Salaam au Nairobi. ISBN itakudokezea: baada ya 978, vitabu vya Tanzania huwa na 9976 au 9987, vya Kenya 9966, vya Uganda 9970.

Kurasa: andika namba ya ukurasa wa mwisho wenye namba, ukitanguliza zile za Kirumi kama zipo. Kimo kipime kwa rula na upandishe hadi sentimita kamili inayofuata, sm 20.3 inakuwa 21. Mstari wote utasomeka hivi: vi, 148 uk. : picha ; sm 21.

Kuhusu Excel, teua safu za ISBN na namba ya rejesta na uzipe muundo wa maandishi kabla ya kuandika chochote. Usipofanya hivyo, ISBN itaonekana kama 9.79E+12 na namba 00045 itabaki 45. Usiunganishe seli, na usiweke waandishi wawili ndani ya seli moja bila alama moja ya kuwatenganisha utakayoitumia daima. Siku mtakapopata programu, jedwali safi huhamishwa lote kwa mkupuo. Chafu litaandikwa upya kwa mkono. Chunga pia kile kialama cha ng’. Kuna kilichonyooka na kuna kilichopinda, na kompyuta inaweza kuvihesabu kuwa herufi mbili tofauti, kwa hiyo anayetafuta ng’ombe huenda akapata nusu tu ya vitabu. Chagua kimoja.

Majina ya waandishi yananichanganya. Niandike kwa jina la mwisho au la kwanza? Na wale wenye “bin”?
*Msaidizi wa maktaba, Tanga*

Kwa mwandishi wa leo, tanguliza jina la mwisho, kisha mkato, kisha mengine: Kezilahabi, Euphrase. Jina la mwisho kwa wengi wetu ni la baba au babu na si la ukoo, lakini katalogi haimsomi mtu nasaba yake. Inataka kila mtu aandikwe kwa namna moja. Washairi wa zamani ni kundi jingine. Muyaka bin Haji anaanza na Muyaka, kwa kuwa hakuna anayemtafuta kwenye H. Katika mfumo wa MARC, unaoigawa rekodi katika sehemu zenye namba ili kompyuta iisome, sehemu ya 100 ni ya mwandishi mkuu, na kiashiria chake cha kwanza (tarakimu ya kwanza baada ya namba ya sehemu) kinaonyesha tofauti hiyo: 1 kwa jina lililogeuzwa, 0 kwa linaloanza na jina la mtu mwenyewe. Dkt., Prof. na Alhaji haviingii kwenye 100. Vikiwa vimechapwa kwenye ukurasa wa jina, unaweza kuvinakili kwenye taarifa ya uandishi, kijisehemu c cha sehemu ya 245, ambayo ni ya jina la kitabu.

Kazi kubwa zaidi ni mtu mmoja mwenye majina mengi. Mwandishi wa Zanzibar Adam Shafi ametajwa pia kama Adam Shafi Adam na Shafi Adam Shafi. Ukinakili kila jalada lilivyo, msomaji atakuta waandishi watatu na kila mmoja ana vitabu pungufu. Chagua umbo moja la kuweka kwenye rekodi zote, kisha tengeneza rekodi ya jina yenye umbo hilo kwenye 100 na maumbo mengine kwenye 400. Asiye na programu afungue daftari lenye safu mbili, “tunaandika” na “usiandike”. Daftari hilo likae mezani, maana msaidizi atakayekuja baada yako hatakisia ulichokuwa nacho kichwani.

Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania visivyotaja mwandishi havihitaji 100. Anza na 245, kiashiria cha kwanza kiwe 0, na taasisi iingie 710, sehemu ya taasisi na mashirika yanayohusika na kitabu.

Nakala 40 za riwaya moja ya kidato cha tatu: rekodi 40?
*Mwalimu, Kakamega*

Rekodi moja, nakala 40 chini yake. Kila nakala ina namba ya rejesta na msimbopau wake. Kwenye Koha, ambayo ni programu ya maktaba, nakala huandikwa sehemu ya 952: msimbopau ni kijisehemu p, namba ya rafu ni o. Kuna kitufe cha kuongeza nakala nyingi kwa mara moja, lakini hakikisha misimbopau iliyobandikwa inafuatana kweli. Ukiruka mmoja katikati, nakala zote za nyuma yake zitakuwa na msimbo wa jirani, na utalijua hilo mwanafunzi atakaporudisha kitabu ambacho mfumo unasema alikiazima mwenzake.

Riwaya za Kiswahili nizipe namba gani ya Dewey? Naona wengine wanaweka 496 na wengine 896.
*Msomaji, Morogoro*

Zote mbili zipo kwenye Dewey, mfumo wa kupanga vitabu rafuni kwa namba za mada, ila kazi zake ni tofauti. 496.392 ni lugha ya Kiswahili, 896.392 ni fasihi ya Kiswahili. Tarakimu inayoongezwa mwishoni ndiyo mtego. Upande wa lugha, 496.3923 ni kamusi na 496.3925 ni sarufi. Upande wa fasihi, 896.3921 ni ushairi, 896.3922 tamthilia, na 896.3923 riwaya na hadithi fupi. Ukikosea tarakimu ya kwanza tu, riwaya inakwenda kukaa na kamusi na haitaonekana tena hadi siku ya kuhesabu vitabu. Chini ya namba weka herufi tatu za mwanzo za jina la mwandishi uliloliweka kwenye 100: 896.3923 KEZ. Kwa maktaba ya shule, mkia mrefu zaidi ya huo ni kujichosha bure.

Kazi ya fasihi iliyotafsiriwa hufuata lugha ilikoandikwa kwanza. *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, namba yake ni 822.33. Shakespeare anaingia 100, Nyerere 700 kama mfasiri, na 041 inaonyesha kuwa maandishi ni ya Kiswahili (swa) kutoka Kiingereza (eng). Shule nyingi huona ni heri wanafunzi wazikute tafsiri zote kwenye rafu ya Kiswahili. Hatuoni dhambi kubwa hapo, mradi uamuzi uandikwe na ufuatwe kwa vitabu vyote vya aina hiyo.

Tumewekewa Koha chuoni. Nimeambiwa naweza kuchota rekodi kutoka maktaba nyingine badala ya kuandika. Ni kweli kwa vitabu vya Kiswahili?
*Mkutubi wa chuo, Mwanza*

Ni kweli, na kwa Kiswahili hali ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki, hivyo vitabu vingi vya wachapishaji wa huku vina rekodi tayari. Koha huzichota rekodi hizo kwa Z39.50, njia ya kompyuta ya kutafuta kwenye katalogi za maktaba nyingine. Kwanza tafuta kwenye katalogi yenu wenyewe, kitabu kisije kikawamo tayari. Kisha tafuta nje kwa ISBN; ikikosekana, kwa maneno mawili ya jina pamoja na mwandishi.

Usiingize rekodi kabla ya kuilinganisha na kitabu ulichoshika. Mchapishaji, toleo na kurasa ndizo shahidi. Rekodi ikisema 148 nawe una 212, hilo ni toleo jingine. ISBN pekee haitoshi, kwa kuwa mchapishaji anaweza kuitumia ileile kwenye vitabu viwili. Ukikuta ISBN yenye makosa kitabuni, iandike kwenye sehemu ya ISBN, 020, kijisehemu z ili bado itafutike.

Rekodi ikishaingia, kazi yako ni kwenye mada. Utakuta sehemu za mada, 650, za Kiingereza, ziache. Ongeza za Kiswahili, kiashiria cha pili 4, kwa maneno anayoyatumia msomaji wako: “Ufugaji wa kuku”. Chagua mada finyu kadiri inavyowezekana ila inayobeba kitabu chote. Kitabu cha nyanya kikipewa “Kilimo”, kitatokea katikati ya mamia ya vingine na hakuna atakayekifikia.

Unapoandika mwenyewe, mambo madogo matatu. Kiashiria cha pili cha 245 huhesabu herufi za kurukwa wakati wa kupanga. Majina ya Kiswahili huwa 0, ya Kiingereza yanayoanza na “The” huwa 4, kwa sababu nafasi nayo inahesabiwa. Taarifa za uchapishaji siku hizi huwekwa 264 yenye kiashiria cha pili 1, ila 260 ya rekodi za zamani haina haja ya kuhangaikiwa. Na rekodi ikiwa fupi kwa makusudi, nafasi ya 17 ya kiongozi cha rekodi (mstari wa alama unaotangulia sehemu zote) iwe 7, ili anayeichota kwenu ajue kuna kazi iliyobaki.

Vijitabu vya afya na kilimo visivyo na mwaka, ISBN wala mwandishi. Nivitupe?
*Kituo cha jamii, Kigoma*

Usitupe, mara nyingi ndivyo vinavyoulizwa zaidi. Jina lichukue popote lilipo na uandike kwenye maelezo kwamba limetoka kwenye jalada. Shirika lililotoa liingie 710. Mwaka uutafute kwenye utangulizi, takwimu au picha, kisha uufunge kwa mabano ya mraba: [2014] kama una hakika, [2014?] kama unakisia, [kati ya 2010 na 2015] kama huwezi kuusogeza karibu zaidi. Usiache wazi. Kijitabu cha dawa au mbegu bila mwaka kinaweza kumpa mtu ushauri uliokwisha kubadilishwa. Lebo haishiki kwenye mgongo mwembamba, kwa hiyo ibandike chini kushoto mwa jalada la mbele.

Na majarida? Kila toleo nalo liwe na rekodi?
*Msomaji, Arusha*

Hapana. Jarida moja, rekodi moja, yenye ISSN (namba ya kimataifa ya jarida) sehemu ya 022 badala ya ISBN. Matoleo yanayoendelea kuja huyaongezi kwenye katalogi kama vitabu. Yaandikishe kwenye kadi ya mapokezi au sehemu ya majarida ya Koha, kwa tarehe na namba, ili toleo lililokosekana ulidai mapema kabla mchapishaji hajaishiwa nakala.