Kabla hujalaumu mvua, beba kopo

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ugani huku Dodoma, mwanzoni nilikuwa na jibu moja kwa kila shamba lililonyauka: mvua haitoshi. Nani angebisha? Tunapata kama milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka.

Siku moja mvua kubwa ilinikuta kibandani kwa mzee mmoja. Maji yakapita mbele yetu, mekundu, yakishuka. Ilipokatika nikapiga jembe: vidole vinne chini, vumbi. Mzee akacheka. "Bwana shamba, leo imenyesha korongoni."

Tangu hapo natembea na kopo la kupimia kasi ya udongo kunywa maji, lenye mdomo wa upana wa sentimita 15, nimelikata kitako. Weka kibao juu, ligongomee ardhini hadi nusu, tandika nailoni ndani, mimina maji mililita 440, kisha ivute nailoni taratibu. Hiyo ni sawa na mvua ya milimita 25. Saa usiiguse bado. Udongo mkavu hunywa kwa pupa, utakudanganya. Yakiisha, mimina kiasi kilekile tena, sasa hesabu dakika mpaka uso ubaki unang'aa tu.

Rudia mpakani, penye nyasi ambapo jembe halijafika. Linganisha udongo wa aina moja, tafadhali. Kichanga hunywa haraka hata kikiwa hoi, na udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi, humeza maji kwenye nyufa, halafu huvimba ukajifunga.

Ukikuta shamba linachelewa kuliko mpaka, tafuta palipoziba. Mara nyingi ni ganda la juu, matone ya mvua yamevunja vidonge vya udongo na vumbi lake likaziba vitundu. Au ni sakafu ngumu kina cha sentimita 15 hivi, jembe linapoishia kila mwaka. Chomeka spoku ya baiskeli, utasikia inapogoma. Ng'oa na mtama uone mizizi ilivyokunja kona.

Kisha mwonyeshe mkulima vidonge viwili vikavu, cha shambani na cha mpakani, kila kimoja kwenye glasi ya maji. Cha shambani huporomoka kama sukari. Cha mpakani hukaa, kimeshikwa na mboji, mizizi na nyuzi za kuvu. Glasi hizo hushawishi kuliko semina zetu zote.

Kuhusu mabua ya kufunika udongo usipigwe na matone, msiamrishe. "Acha mabua shambani" ni rahisi kusema ukiwa huna ng'ombe, na baada ya mavuno mifugo ya kijiji kizima huingia. Ombeni robo ekari yenye uzio wa miiba. Pasueni mistari kwa ripa, jembe la kuchana ardhi bila kuigeuza, pandeni mbaazi katikati ya mtama, mzizi wake unashuka mbali.

Nilimwambia mzee kwamba milimita 25 kwenye ekari moja ni lita laki moja. Hakuuliza habari za mboji. Aliuliza, ikienda nusu korongoni, ni madumu mangapi ya lita ishirini? 2,500, nikamjibu. Akaligeukia dumu la mlangoni, lile mkewe hubeba kutoka bombani, akalitazama kwa muda mrefu.