Maswali ya Wasomaji: Pikipiki ya Zamani Inapokataliwa na Kila Gereji

SWALI: Ndugu Mtaalamu, mimi ni afisa kilimo mstaafu na ninaishi Kasese. Nina pikipiki aina ya Yamaha AG100 niliyoinunua mnadani wakati ofisi yetu ilipouza vyombo vyake vya zamani. Siku hizi ikishapata moto haiwaki upesi, inatoa moshi mweupe mwingi, na ikipanda kuelekea Kilembe inachoka kabisa. Fundi mmoja amesema spea zake hazipo tena duniani, wa pili amenishauri niiuze kwa kilo kama chuma chakavu ninunue pikipiki ya Bajaj, na wa tatu hakutaka hata kuitazama. Shamba langu halina njia ya gari na pikipiki hii ndiyo inayolimudu. Nifanye nini?

JIBU: Mzee wetu, kabla ya kuwalaumu mafundi hao, tazama kwanza hesabu yao. Fundi anayekaa kando ya stendi ya boda boda huishi kwa kazi fupi, kama vile kumwaga oili, kukaza cheni, kubadilisha plagi na viatu vya breki, huku mwenye pikipiki akisubiri hapo hapo kwa sababu bila chombo hicho hana mapato ya siku. Pikipiki yako itakalia nafasi yake kwa muda mrefu ikingoja spea, boliti iliyoshikwa na kutu ikikatika lawama itakuwa yake, na kazi ikiisha huenda mkagombana juu ya malipo. Anaposema kwamba spea hazipo, mara nyingi huwa hajazitafuta. Anaogopa hasara asiyoweza kuikadiria. Ukimwondolea sehemu ya hofu hiyo, yaani ukimletea kazi moja iliyo wazi na spea zake mkononi, utashangaa jinsi lugha yake itakavyobadilika.

Sababu ya pili ni ya kiufundi, nayo haisemwi kwa sababu hakuna fundi apendaye kukiri kwamba kazi fulani haijui. AG100 ni injini ya mipigo miwili, ile inayochoma oili pamoja na petroli, ilhali Bajaj Boxer na karibu pikipiki zote unazoziona stendi leo ni za mipigo minne. Injini yako haina valvu kichwani wala haiweki oili chini ya pistoni. Mchanganyiko wa hewa na petroli hupitia kwanza katika chumba cha krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kisha husukumwa juu ya pistoni kupitia matundu yaliyo katika ukuta wa silinda. Kwa hiyo chumba hicho ni lazima kizibwe kabisa kisivuje, na kazi ya kukiziba hufanywa na sili mbili za mpira zilizo kwenye ncha mbili za krenki. Kijana aliyejifunza ufundi kwa Boxer huziona sili hizo kuwa ni vitu vya kuzuia oili isidondoke tu, kumbe katika injini yako zikichakaa injini hupoteza pumzi.

Nina shaka kubwa na sili ya upande wa kulia, upande wa klachi. Ikipasuka, injini hufyonza oili ya sanduku la gia na kuichoma, na matokeo yake ni moshi mweupe usiokwisha hata pikipiki ikishapata moto. Uhakikishe hivi: pima oili ya gia leo, endesha kwa siku chache, kisha pima tena, ikiwa imepungua na chini ya injini hakuna tone lililomwagika, basi umejua inakokwenda. Sili ya kushoto, upande wa magneto inayozalisha umeme, ina ubaya wa namna nyingine. Ikichakaa haileti moshi bali huingiza hewa isiyopita kwenye kabureta, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo mno, injini inapanda mzunguko yenyewe na kupata joto kali, na mwisho pistoni inang'ang'ania ndani ya silinda. Ubadilishe zote mbili kwa mara moja, kwa sababu zimezeeka pamoja.

Kuchoka mlimani kunaweza kuwa na sababu rahisi zaidi. Oili inayoungua huacha masizi ndani ya bomba la moshi na kwenye tundu la silinda linalotolea moshi, na baada ya miaka tundu hilo huwa limebaki nusu. Hakikisheni bomba limefunguliwa na masizi yamekwanguliwa kabla mtu yeyote hajagusa sehemu za ndani za injini. Ama kuhusu kugoma kuwaka ikiwa na moto, siku itakapogoma fungua plagi hapo hapo, uirudishe kwenye kofia yake, uigusishe na chuma cha injini mbali na tundu la plagi na petroli, kisha upige kiki. Cheche ikiwa dhaifu ilhali asubuhi ilikuwa kali, koili inashindwa inapopata joto. Cheche ikiwa nzuri lakini mguu unahisi kiki ni nyepesi, ringi au silinda zimekwisha. Ukifika kwa fundi na majibu haya hutamwambia tena kwamba pikipiki ni mbovu. Utamwambia abadilishe sili mbili na akwangue masizi, na hiyo ni kazi anayoweza kuitajia bei.

Sasa, ni fundi yupi? Hapa ndipo ninapofikiri ulitafuta mahali pasipofaa. Wanaoishi na injini za mipigo miwili kila siku nchini Uganda ni watu wa maziwani na wa misumeno ya mashine ya kukata miti. Injini nyingi za mashua za Yamaha zinazotumika katika ziwa Victoria na maziwa mengine ni za mipigo miwili, na fundi wa mwaloni, yaani pale mashua zinapoegeshwa, hutambua sili iliyopasuka kwa kusikiliza tu. Wewe uko karibu na mialo ya ziwa Edward na ziwa George. Uliza wavuvi wa Katwe ni nani anayewatengenezea injini, hata kama hajawahi kupanda pikipiki ya namna yako. (Ninasema Katwe ya kwenu, penye ziwa la chumvi, si Katwe ya Kampala, ambayo nitakuja kuitaja kwa kazi nyingine.) Fundi wa misumeno naye anafaa, na mara nyingi huuza pia oili ya mipigo miwili, ambayo vituo vingi vya petroli siku hizi haviiweki.

Lakini chukua ufundi wa mwaloni bila kuchukua oili yake. Oili iliyoandikwa TC-W3 hutengenezwa kwa ajili ya injini za mashua zinazopozwa kwa maji. Injini yako inapozwa kwa upepo na ina joto zaidi, hivyo tafuta chupa yenye maandishi ya JASO FC au FD, ambayo ni madaraja ya Kijapani ya oili ya mipigo miwili. Vilevile usikubali ushauri wa kuziba pampu iliyo kwenye injini, ile inayoipelekea oili yenyewe, kwa sababu tu fundi haielewi. Pampu ikiwa imekufa kweli na huna budi, changanya oili ndani ya petroli kwa sehemu moja kwa ishirini, yaani mililita 250 kwa lita 5, na usijaze tangi kabla ya kuchanganya hata siku moja, kwa kuwa petroli tupu huiharibu injini hiyo katika mwendo mfupi sana.

Kuhusu spea, jina la pikipiki halitoshi dukani. Kila spea ya Yamaha ina namba yenye mafungu: herufi na tarakimu za mwanzo hutaja modeli ambayo spea hiyo ilibuniwa kwa ajili yake, na tarakimu tano za katikati hutaja ni kitu gani, kwa mfano 11631 ni pistoni ya ukubwa wa kiwandani, 11635 ni ile iliyoongezwa milimita 0.25, na 11636 ni ya milimita 0.50. Ukiwa na namba kamili, muuzaji wa soko la Kisekka mjini Kampala hawezi kukupa kitu "kinachofanana". Beringi hazihitaji hata jina la Yamaha. Namba iliyochongwa pembeni yake inatosha, kwani beringi ya 6204 ina tundu la milimita 20, upana wa nje wa 47 na unene wa 14 popote inapouzwa, iwe ni ya pikipiki au ya mashine ya kusaga mahindi. Sili nazo huandikwa vipimo vyake juu ya mpira. Wengi hukaa miezi wakisubiri "spea ya Yamaha" ambayo ipo katika duka la beringi mtaani kwao.

Ikiwa silinda imekwisha, itabidi itanuliwe kwa mkerezaji vyuma, na Katwe ya Kampala inajulikana kwa kazi za vyuma. Nunua pistoni kwanza, umpelekee mkerezaji pistoni pamoja na silinda, ili atanue kwa kipimo cha pistoni iliyo mkononi mwake. Usimwache atanue kwanza halafu uanze kutafuta pistoni ya kuingia. Mwambie waziwazi kwamba ni injini ya mipigo miwili, kwa sababu baada ya kutanua, kingo za matundu ya silinda hubaki kali kama wembe na ni lazima zilainishwe kwa uangalifu, la sivyo ringi zitanasa na kuvunjika mapema. Mshale ulio juu ya pistoni huelekea upande wa bomba la moshi, na vipini vidogo ndani ya mifereji ya ringi ndivyo vinavyoonyesha mahali ambapo ncha za ringi hukutana. Fundi akikuuliza vipini hivyo ni vya nini, mshukuru kwa ukarimu wake uondoke.

Jambo moja dogo linaloharibu pikipiki nyingi za Kijapani ni skrubu za msalaba kwenye vifuniko vya injini. Hazilingani sawasawa na bisibisi za kawaida, hivyo bisibisi huruka na kula kichwa cha skrubu mpaka hapana tena pa kushika. Itafutwe bisibisi ya kiwango cha Kijapani, JIS, au ile inayogongwa kwa nyundo huku ikizunguka, na skrubu zimwagiwe mafuta ya kulegeza kutu tangu usiku wa kuamkia kazi. Fundi anayeanza na patasi atakugharimu kifuniko kizima.

Mwishowe, patana naye kwa maandishi, hata kama ni nusu karatasi. Mlipe ada ya kuchunguza peke yake, hata akisema haiwezekani, maana mafundi wengi hukataa kwa kujua kwamba saa zao za kufungua na kutazama hazitalipwa. Andikeni kwamba boliti ikikatika kwa kutu gharama ni yako, na kwamba spea zote kuukuu utarudishiwa. Kubali gharama hiyo ya boliti bila kinyongo. Ndiyo inayowafukuza watatu wale waliokukataa.

SWALI: Mimi ni mama wa duka mjini Arua. Baba yangu ameniachia Honda CG125 ya zamani sana. Gereji zinaikataa zikidai kwamba ni kitu cha makumbusho. Je, ni kweli?

JIBU: Dada, wewe una afadhali kuliko wengi. CG125 ilianza kutengenezwa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo matengenezo ni machache, na injini yake hufungua valvu kwa fimbo za kusukuma wala si kwa cheni ya ndani. Viwanda vya China viliuiga muundo huo kwa wingi, na kwa hiyo gasketi, ringi, pistoni na sahani za klachi hupatikana kwa bei nafuu chini ya majina mengine. Tundu la silinda ni milimita 56.5 na mwendo wa pistoni ni milimita 49.5, beba spea kuukuu dukani upime pini na urefu mbele ya muuzaji kabla ya kulipa.

Kikwazo halisi huwa ni umeme. Za mwanzo zilikuwa za volti 6, na mafundi wengi huzifungia betri na balbu za volti 12 kisha hushangaa kwamba taa ni hafifu na betri haijai. Soma maandishi yaliyo kwenye betri na balbu zilizomo sasa, umwambie fundi mapema, kwani kuhamia volti 12 kunahitaji pia kubadilisha koili za kuchajia na kidhibiti umeme. Akiwa hapo, arekebishe nafasi ya valvu iwe milimita 0.08 injini ikiwa baridi.

SWALI: Niko Busia. Gereji imekataa kutengeneza injini ya Suzuki yangu ya zamani, badala yake inataka kuniuzia injini iliyotumika ya pikipiki ya Kihindi na kuifunga kwenye fremu yangu. Nikubali?

JIBU: Ndugu, mimi nisingekubali kwa haraka. Gereji inaipenda kazi hiyo kwa sababu faida yake inaonekana, lakini matatizo yatabaki kwako. Vishikizo vya injini havitalingana, itabidi fremu ichomelewe, na cheni isipokaa katika mstari mmoja na gurudumu la nyuma itakula meno ya sproketi upesi. Waya za umeme nazo zitaungwa ovyo, na fundi atakayekuja baadaye atakuwa na haki ya kuikataa.

Kuna pia suala la sheria. Namba ya injini imeandikwa katika logibuku, na ukiibadilisha injini bila kuarifu mamlaka ya usajili utakuwa na chombo ambacho hati zake hazikitambui, tena katika mji wa mpakani ambako ukaguzi hauishi. Ukilazimika, angalia kwanza kama namba iliyochongwa kwenye injini haijakwanguliwa, kisha dai hati ya mauziano yenye namba hiyo, jina la muuzaji na sahihi yake. Muuzaji akisita kuandika namba, usiichukue injini hiyo hata kwa nusu bei.