Wadogo zangu madalali, someni ukuta kwanza

Juzi kijana wetu mmoja kanipigia mbio mbio kutoka Kinyerezi: "Bro, nyumba ya benki, bei ya kutupa!" Nikamuuliza, umeongea na waliomo ndani? Akacheka. Hicho kicheko nakijua, kilikuwa changu. Nyumba ya benki ni ile iliyowekwa rehani, deni likashindikana, sasa inapigwa mnada. Kabla hujampelekea mteja, kagua haya:

1. Notisi ya siku 60 kwa mdaiwa, tangazo la siku 14 kabla ya mnada. Dai nakala zote mbili.

2. Upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani kuangalia kwenye daftari nyumba ni ya nani na ina mzigo gani, ufanye wiki ya mnada. Wa mwezi jana ni karatasi ya kufungia karanga.

3. Ridhaa ya mwenza, yaani mke au mume wa mdaiwa. Hapa ndipo nilipoungulia. Nyumba ya Tabata, ukutani rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Maandishi hayo Dar yako kila mtaa, nikajipa moyo kwamba ni ugomvi wa mirathi wa zamani. Nikasogea kushoto, nikapiga picha ukuta usionekane, nikamrushia mteja wangu, mama muuza vitenge Kariakoo. Nyundo ikagonga, akalipa robo ya bei palepale.

Tulipokwenda kukabidhiwa, akatoka mwanamke amejifunga kanga, akatuletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati. Akauliza taratibu, "Kwani mimi nilisaini wapi?" Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mwenza aridhie nyumba ya ndoa ikiwekwa rehani. Aliyesaini alikuwa mwanamke mwingine kabisa. Zuio la mahakama likaja, hela ya mama ikalala huko. Wakili wa yule mwanamke akauliza swali moja tu: mlipofika kuikagua, mliona nini ukutani? Mama akafungua simu, akaitazama ile picha yangu, kisha akanitazama mimi.

Kamisheni nilirudisha kabla hajaidai. Mpaka leo nikifika Kariakoo napitia mtaa wa nyuma.

4. Bei ya kutupa nayo ina miiba: ikiwa chini ya soko kwa robo au zaidi, mdaiwa anapata hoja ya kwenda nayo mahakamani.

5. Mdaiwa akitaka kuuza mwenyewe kabla ya mnada, na benki ikubali kupokea pungufu ya deni, msaidieni, ni kazi safi kuliko zote. Ila mshike barua ya benki mkononi. "Afisa mikopo kasema" si barua.

Nilipanda boda nikamfuata yule wa Kinyerezi. Ukuta wa mbele mweupe, rangi bado inanukia. Tukazunguka hadi upande wa choo. Chini ya chokaa, wekundu wa herufi ulikuwa unachungulia.