Vitabu vya safari za kweli vya kusoma baridi ikikaza

Baridi ikianza kukaza mi huwa naweka riwaya pembeni. Sio kwamba riwaya ni mbaya, hapana, ila kuna raha fulani ya kujifunika blanketi mpaka shingoni alafu unasoma habari za mtu ambaye aliishi kweli, akaganda kweli, akala nyama ya sili miezi na miezi, na unajua kabisa hakuna aliyekaa mezani akaitunga hiyo shida. Unasoma, unavuta blanketi, unaendelea.

Sasa shida ni kwamba vitabu vya aina hii viko vingi mno na vingi kati yake ni majigambo matupu. Mtu kapanda mlima, kila ukurasa yeye ndo shujaa, wenzake wote wazembe, wenyeji wote wapo kumbebea mizigo tu. Hivyo achana navyo. Mi nina kigezo kimoja: je, mwandishi anakubali kuonekana mwoga, mjinga au mchoyo mbele yangu? Akikubali hapo, basi hata akiniambia mawimbi yalikuwa marefu kama nyumba namuamini. Asipokubali, hata akisema jua lilichomoza nakuwa na wasiwasi.

Kwa asiyewahi kugusa hivi vitabu kabisa, aanze na Endurance cha Alfred Lansing, kilitoka 1959. Ni ile stori ya Ernest Shackleton na watu wake, jumla walikuwa 28, walioenda Antaktika wakitaka kulivuka bara lote kwa miguu, na hata bara lenyewe hawakulikanyaga. Meli yao ilibanwa na barafu Januari 1915 kwenye Bahari ya Weddell, ikakaa imebanwa miezi, ikapondwa taratibu, ikazama Novemba mwaka huohuo. Wao wakabaki juu ya barafu inayoelea, na mahema na mbwa na boti tatu ndogo. Baadaye wakafika kisiwa kinaitwa Elephant ambako hakupiti meli yoyote, kwa hiyo Shackleton akachukua wenzake watano, wakaingia kwenye boti haifiki hata mita 7, wakavuka kama kilomita 1,300 za bahari mbaya kuliko zote duniani mpaka South Georgia. Na wakifika ikawa wameshukia upande usiokaliwa na watu, ikabidi watatu wavuke milima ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote, masaa 36 bila kulala usingizi wa maana. Wale 22 walioachwa kisiwani walikuja kuchukuliwa tarehe 30 Agosti 1916, baada ya majaribio matatu kushindikana. Wote 28 wakarudi hai.

Lansing mwenyewe hakuwepo, alikuwa mwandishi wa habari tu, lakini aliwatafuta waliokuwa bado hai akaongea nao na akasoma shajara zao, na hapo ndo utamu ulipo, maana mtu akiandika shajara yake usiku hemani hajui kama utaisoma. Humo kuna nani anakoroma, nani anaficha chakula, nani hawezi kumvumilia nani. Hao ndo binadamu ninaowataka. Kitu kimoja tu watu husahau: upande wa pili wa Antaktika Shackleton alikuwa na kundi jingine lililotumwa kumuwekea akiba ya chakula njiani, na huko watu watatu walikufa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Shackleton hakupoteza hata mmoja, mwambie inategemea unahesabu meli gani. Na meli yenyewe ilipatikana Machi 2022, iko chini kama mita 3,000, na jina lake nyuma bado linasomeka. Ila usitazame picha kabla hujamaliza kitabu, nakuomba.

Ukimaliza hicho na bado una hamu ya barafu, basi nenda kwenye kile ambacho mimi nakiona ndo mfalme wao, The Worst Journey in the World cha Apsley Cherry-Garrard, cha 1922. Nikuonye, ni kirefu, Kiingereza chake cha kizamani, na mwanzo unaweza kukuchosha. Ushauri wangu, usianze ukurasa wa kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye sura ya safari ya majira ya baridi, isome peke yake, alafu ndo urudi mwanzo, utakuwa umeshanaswa. Kisa chenyewe ni kama kichekesho kibaya: mwaka 1911 watu watatu wa kundi la Captain Scott, yule Mwingereza aliyetaka kufika Ncha ya Kusini, yaani Wilson, Bowers na Cherry mwenyewe, waliondoka kambini katikati ya majira ya baridi ya kule, giza masaa 24, kwenda kutafuta mayai ya pengwini. Mayai jamani. Wanasayansi wa wakati ule walidhani kiinitete cha yule pengwini kitaonesha jinsi ndege walivyotokana na reptilia. Baridi ilishuka chini ya nyuzi -60, meno ya Cherry yakapasuka kwa kutetemeka, jasho linaganda ndani ya nguo mpaka siku moja akatoka hemani akainua kichwa kuangalia na nguo zikagandia palepale, akavuta sleji (kile kigari cha kuteleza juu ya theluji) masaa manne kichwa kikiwa kimeangalia juu. Na alikuwa haoni vizuri, miwani haivaliki kwenye ile baridi! Dhoruba ikapeperusha hema lao, wakalala humo barafuni wakijua wamekufa, alafu wakalikuta hema bondeni. Walirudi na mayai matatu, na alipoyapeleka makumbusho London akapokelewa kama mtu aliyekuja kuuza kitu mlangoni.

Lakini kinachonifanya nikirudie si hayo. Mwanzoni mwa 1912 Cherry alitumwa na mbwa mpaka kituo cha akiba kuwangoja Scott na wenzake wanaorudi kutoka Ncha ya Kusini. Akangoja, hali ya hewa mbaya, chakula cha mbwa hakitoshi, akarudi. Scott, Wilson na Bowers walikuja kufia hemani kama kilomita 20 tu kutoka kituo hichohicho. Hao wawili wa mwisho ndo waliokuwa naye kwenye mayai. Huyu mtu aliishi na hilo swali maisha yake yote na katika kitabu hajifichi, analigeuza huku na huku, anajitetea kidogo, anajilaumu, anajitetea tena. Hakuna mtunzi wa riwaya angeweza kuiandika hiyo sauti.

Milimani kuna viwili. Touching the Void cha Joe Simpson kinasomwa kwa siku moja, wengi wanakijua kupitia filamu, ila kitabu kina sehemu ambazo Simon Yates, yule aliyekata kamba, anaeleza upande wake. Ilikuwa 1985 mlima Siula Grande, Peru, Simpson kavunjika mguu, Yates anamshusha kwa kamba kwenye dhoruba, akafika mahali ni kukata au kufa wote wawili. Akakata. Simpson akaangukia ndani ya ufa wa barafu, akatoka, akatambaa siku tatu mpaka kambini. Na bado ndo yeye anayemtetea mwenzake mpaka leo! Cha pili ni Into Thin Air cha Jon Krakauer, kuhusu dhoruba ya Everest ya Mei 1996 iliyoua watu wanane. Krakauer anakiri waziwazi kwamba alitoa taarifa ya uongo bila kujua kuhusu mahali alipo mmoja wa viongozi, akili imechoka kwa kukosa oksijeni akamfananisha na mtu mwingine, na familia ya yule mtu ikaumia kwa hilo. Ila usikisome peke yake. Kisome na The Climb cha Anatoli Boukreev, ambaye Krakauer alimlaumu kwa kutangulia kushuka akawaacha wateja wake, na ambaye usiku uleule alitoka peke yake kwenye ile dhoruba akarudi na watu watatu hai. Mimi nimekaa upande wa Boukreev, lakini wewe soma vyote uamue.

Haya, sasa kile ninachompa mtu nikitaka anipende. An African in Greenland cha Tété-Michel Kpomassie, Mtogo, kilitoka kwa Kifaransa 1981. Huyu kijana alikuwa juu ya mnazi akakutana na nyoka, akaanguka, akaumia, baba yake akampeleka kwa kuhani wa chatu msituni atibiwe, akapona, na malipo yakawa kwamba arudi akawe kuhani huko, akaishi na chatu. Wakati anauguza majeraha akanunua kitabu kuhusu Greenland. Nchi haina miti, haina nyoka. Basi akatoroka! Safari ilimchukua kama miaka minane maana hela hakuna, anafanya kazi nchi hii anasogea nchi ile, Afrika Magharibi, Ufaransa, Ujerumani, Denmark, mpaka 1965 akashuka Greenland ambako wengi hawakuwahi kumuona mtu mweusi kwa macho yao. Watoto wengine walilia, wengine wakamfuata mtaani.

Nakipenda kwa sababu kinageuza meza. Tumezoea kusoma Mzungu anakuja kushangaa Waafrika, hapa Mwafrika ndo mgeni, ndo anaandika mila za watu, anashangaa vyakula, analinganisha na kwao, na anafanya hivyo kwa upendo bila kuwapaka watu mafuta. Anakula nyama mbichi na mafuta ya nyangumi, anajifunza kuendesha mbwa wa sleji, analala nyumba za watu, na anaona pia ulevi na jinsi maisha ya uwindaji yanavyokufa, anaandika yote. Anazidi kwenda kaskazini akitafuta Greenland ile ya kwenye kitabu chake. Na anacheka, sana tu, hasa akijicheka mwenyewe.

Ukichoka baridi, na utachoka, usisome vitabu viwili vya vifo kwa mfululizo, utaamka na roho nzito. Weka kimoja cha kuchekesha katikati, mfano A Short Walk in the Hindu Kush cha Eric Newby, mtu wa biashara ya nguo za mitindo aliyeenda kupanda mlima Afghanistan baada ya kujifunza kupanda kwa siku nne tu Wales. Kileleni hakufika. Au nenda kwenye joto na Robyn Davidson, kitabu cha Tracks, dada aliyevuka jangwa la Australia 1977 na ngamia wanne na mbwa wake, kama kilomita 2,700, na ambaye hafichi jinsi alivyokuwa na hasira na kila mtu, pamoja na mpiga picha wa gazeti lililomfadhili. Adrift cha Steven Callahan ni bahari na jua, siku 76 juu ya chelezo cha mpira katikati ya Atlantiki mwaka 1982, kizuri ila kuna kurasa nyingi za kuziba matundu.

Kuna kimoja nakuomba ukisome kwa tahadhari, The Long Walk cha Slavomir Rawicz, Mpolandi, 1956. Anasema alitoroka kambi ya wafungwa Siberia akatembea mpaka India, kupitia Gobi na Himalaya. Kinasomeka vizuri ajabu, hata filamu imetengenezwa, lakini mwaka 2006 BBC walipata nyaraka zinazoonesha kwamba aliachiwa huru 1942 kwa msamaha waliopewa Wapolandi. Na ndani ya kitabu wanakutana na madubwana mawili ya theluji, kwa hiyo hata bila BBC ungeweza kushtuka. Kisome kama riwaya utafurahi.

Ushauri mdogo wa namna ya kusoma. Weka ramani karibu, kwenye simu inatosha, lakini usigugo jina la mtu yeyote mpaka umalize maana mstari wa kwanza tu utakwambia alikufa lini. Utangulizi wa kitabu uruke, wanaoandika tangulizi wanapenda kutoboa mwisho. Na vile vya zamani utakuta humo dharau kwa wenyeji, wabeba mizigo hawana hata majina, mi huwa nakasirika naendelea, na ninawatafuta haohao wasiotajwa katikati ya mistari.

Kwa wanaotaka Kiswahili, vipo, ila inabidi uvitafute maktaba za vyuo vikuu. Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, safari za miaka mingi ndani ya bara, na umsome ukijua unamsikiliza mfanyabiashara wa pembe na watumwa anayejieleza bila kuona aibu. Cha baridi hasa ni habari ya Selim bin Abakari, aliyefuatana na Mjerumani mmoja kwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 akaandika aliyoyaona, ikachapishwa 1901 kwenye mkusanyiko wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli. Siberia, kwa Kiswahili, karne ya kumi na tisa! Ni fupi, utaimaliza kwa kikao kimoja, na ukiisoma baada ya Kpomassie utaona hawa wawili wangepiga stori mpaka asubuhi.