Uliza Mkutubi: marejeo hewa, makala za kulipia na dawati linalotaka kufutwa

Mwezi huu barua karibu zote ni za vyuoni, nadhani ni msimu wa ripoti. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana wengi wameniuliza hilo hilo kwa namna tofauti.

SWALI: Shikamoo mkutubi. Niko mwaka wa tatu nasoma kilimo, risachi yangu ni kuku wa kienyeji na ugonjwa wa kideri. Niliiambia ChatGPT initafutie marejeo ikanipa mengi tu, yamepangwa vizuri, jina la mwandishi, mwaka, jarida, kurasa, kila kitu. Supavaiza kayarudisha anasema zaidi ya nusu hayapo duniani. Nikaenda laibrari ya chuo nao hawakuyapata. Sasa laibrari yetu ndo masikini au supavaiza ananionea? (Mwanafunzi, Mbeya)

JIBU: Marahaba. Supavaiza hajakuonea na maktaba yenu haina kosa. Hayo ni marejeo hewa, kama wale wafanyakazi hewa, jina lipo kwenye orodha ila ukiliita hakuna anayeitika. Hizi programu za akili mnemba zinatunga sentensi kwa kubashiri neno gani lifuate neno gani, haziendi kwenye rafu kuchungulia, kwa hiyo ukiziomba marejeo zinakutengenezea kitu chenye umbo la marejeo, na kibaya zaidi zinaweza kumchukua mtafiti wa kweli, mtu wa kuku kabisa, zikambambikia makala ambayo hajawahi kuiandika, ndo maana ukisoma unaamini. Siku hizi baadhi zinaingia intaneti na kukupa linki, hapo ni afadhali, ila linki unaifungua mwenyewe na unasoma, maana makala inaweza kuwepo kweli lakini hilo jambo uliloambiwa limo ndani halimo. Wala usijione mjinga peke yako, mwaka 2023 kule New York mawakili kwenye kesi ya Mata dhidi ya Avianca walipeleka mahakamani hukumu za kubuni walizopewa na ChatGPT hiyo hiyo, jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Watu wazima hao, na vyeti vyao ukutani.

Kuhakiki sio kazi ngumu. Makala nyingi za sasa zina namba inaitwa DOI, inaanza na 10 na nukta. Ikopi uibandike baada ya doi.org/ kwenye brauza, ikiwa ya kweli inakupeleka kwenye makala yenyewe, ikikupeleka kwenye makala ya samaki wakati we uliambiwa kuku basi jibu umelipata. Isipokuwa na DOI usiitupe haraka, majarida yetu mengi ya Afrika hasa matoleo ya zamani hayana hizo namba. Hapo chukua kichwa cha makala kizima, kiweke ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar, kisipotokea ingia AJOL, ile hazina ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998, fungua jarida lililotajwa, nenda toleo la mwaka ule na uangalie kurasa zile zina nini. Ukikuta ni makala ya mtu mwingine kabisa, futa, usijaribu hata kutetea.

Alafu sasa tafuta upya kwa njia ya maana. Kama chuo chenu kimejiunga na AGORA ya FAO (hifadhi ya makala za mambo ya kilimo, ipo tangu 2003) anzia huko. Tatizo ninaloliona kwa wanafunzi wengi ni kuandika swali zima kama wanaongea na mtu, kompyuta ya hifadhi ya makala haitaki hadithi inataka maneno yaliyotumika kwenye makala. Ukiandika kideri au mdondo hupati kitu pale, andika "Newcastle disease". Na kuku wa kienyeji watafiti wanamwita kila mtu lake, "indigenous chicken", "village chicken", "local chicken", kwa hiyo yaweke yote ndani ya mabano na katikati yake OR, kisha AND na jina la ugonjwa, kisha AND Tanzania. Ukipata makala mbili au tatu nzuri angalia na wao wamerejea nani, huko ndo kuna mali. Tasnifu za SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) pia ziko kwenye hifadhi yao ya mtandaoni na mambo ya kuku huko hayakosekani. Kama unataka kuitumia akili mnemba itumie hapa, ikupe majina yote ya kitu kimoja ili we ukatafute, marejeo yenyewe usiiombe.

Na siku ukirudi maktaba usiende na orodha ukauliza "haya mnayo?", nenda dawati la marejeo, yaani pale mkutubi anapokaa kusaidia wanaotafuta taarifa, useme unatafiti nini. Ni maswali mawili tofauti kabisa na la pili ndo mkutubi kalisomea.

SWALI: Habari. Nimerudi nyumbani Songea kumalizia tasnifu, makala ambazo chuoni nilikuwa nazifungua bure sasa nikigusa naambiwa nilipe dola 30 na kitu. Bumu lenyewe limeisha. Chuo kimeacha kulipia?

JIBU: Hakijaacha. Mchapishaji anamtambua msomaji kwa anwani ya intaneti anayotokea, ukiwa chuoni unaonekana ni chuo, ukiwa Songea na bando lako unaonekana ni mteja wa kampuni ya simu, basi anakuletea bili. Dawa yake vyuo vingi wanayo, kuna programu inaitwa EZproxy, aliitengeneza mkutubi mmoja wa Marekani, Chris Zagar, mwaka 1999 kwa ajili ya tatizo hili hili lako, unaingia kwa namba yako ya usajili kupitia ukurasa wa maktaba halafu mchapishaji anaona ni chuo. Vyuo vingine wanatumia VPN (njia ya kukuunganisha na mtandao wa chuo ukiwa mbali), na kwa zile hifadhi za Research4Life, mpango wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo makala bure au kwa bei ndogo, kama Hinari ya WHO na hiyo AGORA niliyoitaja juu, maktaba inakupa utaratibu wa kuingia au paswedi ya taasisi. Waandikie imeili au wapigie, usisubiri ufunge safari.

Ila paswedi ya taasisi usiitupie kwenye magrupu ya wasap tafadhali. Ikisambaa, watu wakaanza kushusha makala kwa mamia, mchapishaji anaona na anaweza kufunga chuo kizima, kisha mnakuja kulaumu maktaba. Ikishindikana yote, kwenye Google Scholar bonyeza sehemu ya matoleo yote ya makala hiyo, mara nyingi kuna nakala ya bure imewekwa kwenye hifadhi ya chuo cha mwandishi. Au mwandikie mwandishi mwenyewe, wengi wanatuma na wanafurahi kusomwa.

SWALI: Mwenzangu, mimi ni mkutubi chuo kidogo cha afya huku kusini. Mkuu wa chuo anataka dawati la marejeo liondolewe ziwekwe kompyuta, anasema wanafunzi wana Google. Nilikuwa nafikiria nianzishe huduma ya kuuliza kwa WhatsApp lakini naogopa nitajiongezea kazi bure.

JIBU: Pole mwenzangu, ila kwenye meza mi sitakutetea, meza ni mbao tu. Huduma ya marejeo ilianza kutoka mezani zamani, maktaba ya sayansi za afya ya Chuo Kikuu cha Maryland pale Baltimore walianza kupokea maswali kwa imeili mwaka 1984, wengi wetu hatujaona hata kompyuta. Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani na OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba, wakaanzisha QuestionPoint, maktaba za sehemu mbalimbali zikawa zinapokezana kujibu maswali mtandaoni. Kwa hiyo WhatsApp ni hatua ya kawaida kabisa, anza.

Anza lakini na laini ya maktaba, sio namba yako, la sivyo utaulizwa marejeo saa sita usiku na siku ukihama huduma inahama na wewe. Tumia WhatsApp Business inaruhusu kuweka saa za kazi na majibu ya tayari, yale ya "mnafungua saa ngapi" na "printa iko wapi" usiyaandikie jibu upya kila mara. Yale mengine usikimbilie kujibu. Unajua mwenyewe mwanafunzi anaandika "mna kitabu cha takwimu?", ukimtumia orodha ya vitabu vya takwimu umemaliza na hujamsaidia, ukimuuliza unataka kufanyia nini unakuta ana madodoso yake mezani hajui ayaingizeje kwenye SPSS (programu ya kuchambua takwimu), au anatafuta idadi ya watu wa wilaya fulani, huyo wa pili ni wa kumpeleka tovuti ya NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu), kitabu cha nini. Hilo swali moja la kurudisha ndo Google haimuulizi. Na maswali ya wanafunzi usiyabandike kwenye grupu hata kama yanachekesha, wa chuo cha afya wanauliza mambo mazito.

Kuhusu mkuu, usibishane naye kwa maneno. Weka daftari au jedwali la Excel, kila swali liandike, limetoka wapi, limechukua muda gani, lilikuwa la printa au la utafiti, mwisho wa muhula mpelekee. Akikuta yote ni ya printa basi ana haki na meza yake achukue.

SWALI: Katalogi ya kompyuta inasema kitabu kipo, rafuni hakipo. Nani muongo?

JIBU: Hakuna, kompyuta inajua kitabu kimerudishwa, haijui kimewekwa wapi. Angalia kwanza kama hakijaandikwa kuwa ni cha akiba maalumu, hizo haziko rafu za kawaida. Kisha chukua namba ya rafu ya kitabu hicho kwenye katalogi, tazama juu na chini yake, kitabu cha PL 8704 kinaweza kuwa kimesukumwa PL 8074 na mtu mwenye haraka, na kuna wanaovificha makusudi kabla ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula), wanajijua. Ukikosa mwambie wa dawati akiweke alama ya kupotea, vinginevyo katalogi itaendelea kuwaambia wenzako kipo.